Nilivyomfundisha Mama Kujibu "Fine"

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mjukuu wangu, mama yangu amekaa mbele ya daktari, mkoba mapajani, anatabasamu.

Tulikuwa hatujatimiza mwaka tangu tuhame Mombasa, sisi Wahindi wenye pasi za Uingereza, tukapanga vyumba viwili huko huko Uingereza, mtaa wa Rayners Lane, karibu na stesheni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa ofisi, na Kiingereza changu nilikionea fahari kupita kiasi. Mama alijua Kikachi, lugha ya wazee wetu, na Kiswahili tu. Nikamfundisha neno moja, "fine", yaani nzuri. Jirani akikuuliza hali, fine. Mwenye duka, fine. Hawa hawataki habari za magoti yako, nilimwambia. Akalishika neno lile, maskini.

Tulikwenda kuandikiwa dawa zake za sukari. Daktari akamuuliza hali, "How are you?" Mama akajibu, "Fine, fine, thank you." Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa jinsi alivyolitamka. Kisha akabaki akimtazama daktari. Unaijua desturi yetu: mtu akiulizwa hali hujibu nzuri kwanza, hata kama homa imempanda; akiulizwa tena, ndipo husema lililomleta. Mama alikuwa akingoja swali la pili. Daktari akanigeukia mimi, kuuliza kama kuna jingine. Nilikuwa nachelewa kazini. Nikasema hana shida nyingine, nikachukua cheti cha dawa, tukatoka.

Shida ilikuwa ndani ya soksi: kidonda mguuni. Mombasa alivaa ndara maisha yake yote, na kidonda kile kingeonwa na kila apitaye mlangoni. Hapa mimi mwenyewe nilimfunika miguu kwa ajili ya baridi. Wiki mbili baadaye nikasikia harufu. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Nikakaa kando ya kitanda chake na, ujinga ulioje, nikamlaumu. "Mama, mbona hukusema?"

Akanijibu taratibu. "N'likuwa nangoja uniulize tena. Hukuniuliza."

Hakuyarudia maneno hayo mpaka alipofariki. Afadhali angenigombeza.

Nawe nikikupigia simu unanijibu, "I'm fine, Bibi," kisha una haraka. Sikulaumu. Neno hilo lina kazi zake nyingi mjini humu: mtu hulitumia kukubali, kukataa chai kwa upole, hata kumnyamazisha anayemchosha. Litumie dukani, litumie kwenye basi. Lakini mtu wako wa nyumbani akikujibu hivyo, usiondoke. Vuta kiti, muulize tena, na umtazame miguu. Nawe ukiulizwa tena, sema ukweli, hata kama sauti itakukatika.

Mungu akulinde, mwanangu, akuepushe na majuto kama yangu, na popote utakapoishi asikukoseshe mtu wa kukuuliza mara ya pili.

Haya, hujambo? Nimesikia, "fine". Sasa nakuuliza tena.