Mulima mara tatu, bouchon imefungwa

Siku yangu ya kwanza mu kazi ya mécanique, hakuna mutu alinipatia funguo ya kukaza bolti. Balinipatia kiti cha nyuma.

Nilikuwa nauzisha mandazi ku mulango ya atelier moja ya kutengeneza pikipiki mu Butembo, ku njia ya kushuka sokoni. Nilikuwa mujane, niko na batoto bane, na masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire. Patron wa ile atelier alikuwa muzee mukali mwenye koti ya bluu. Asubuhi moja alitoka inje, akaniangalia toka kichwa mupaka miguu, kama mutu anapima gunia.

« Weye mama, uko na kilo ngapi? »

« Unataka kuninunua mimi, ao unataka mandazi? »

Bafundi bakacheka. Yeye hakucheka. Alisema: « Nataka muzigo yenye kujua kunyamaza. Panda hapa. »

Njo vile niliingia mu kazi: nilikuwa uzito. Patron alikuwa na sheria moja. Pikipiki yenye kuletwa juu ya kuzimika wakati wa kuondoka, hairudi kwa mwenyewe kabla ya kupanda mulima mara tatu na mutu muzito nyuma. Katikati ya mulima unasimama kabisa, mguu chini, kisha unaondoka tena. Na mu zile mara zote tatu, bouchon ya réservoir, ndiyo kifuniko cha tanki ya essence, ya petroli, haifunguliwe. Ukiifungua, unaanza kuhesabu tena toka moja.

Bafundi balilalamika. « Patron, mulima tunaelewa. Mais bouchon imekosea nini? »

« Fanya, » alijibu. Ile ndiyo ilikuwa masomo yake yote. Hakuwa mutu wa kueleza.

Nilipanda ule mulima kila siku, mvua na jua, nikishika mandazi yangu mu beseni juu ya mapaja. Na kwa kukaa nyuma nikaanza kujua ugonjwa. Pikipiki yenye kutaka kuzimika inakuambia mbele. Motard, mwenye kuendesha, anaachilia embrayage, ndiyo klachi, polepole, anatia gaz, na wewe nyuma unasikia inavuta pumzi, inatetemeka mara moja, kisha inakufa chini yako. Siku moja fundi mukubwa alisema ni bougie, ile yenye kutoa cheche. Nikasema toka kule nyuma: « Hapana bougie. Huyu anakosa chakula. »

Patron akasikia. « Nani alikufundisha? »

« Matako yangu, Patron. »

Ile siku njo nilimuona akicheka mara ya kwanza. Kesho yake akanipatia koti ya bluu na funguo namba kumi. Mandazi nikaachia dada yangu.

Ninyi batoto ba leo munakimbilia carburateur, ile yenye kuchanganya essence na hewa, na bisibisi kama batu banafukuzwa. Sisi tulikuwa na mupango. Ya kwanza, unaangalia kama essence iko na inashuka. Ya pili, unafungua kikombe cha chini cha carburateur na unamwaga yenye iko ndani mu kiganja, kwa sababu essence ya chupa ya kando ya njia inakuwa na maji, na maji inakaa chini, unaiona inazunguka kama lulu. Ya tatu ni gicleur ya ralenti. Ralenti ni ile sauti ya pikipiki imesimama, inapumua yenyewe. Gicleur ni kimusumari cha shaba chenye tundu ndogo katikati, essence inapita mule. Ikizibwa nusu, pikipiki inapumua, mais haiwezi kuondoka. Utaipuliza, utapitisha unywele wa brosi. Waya, hapana! Patron akikukuta na waya mu gicleur, alikunyanganya koti mbele ya batu bote. Waya inapanua tundu, na tundu yenye imepanuka hairudi tena. Ya mwisho, unapakaa maji ya sabuni ku mupira wenye kuunga carburateur na moteur. Kama sauti inageuka, hewa inaingia ku ufa. Kisha unapanda mulima.

Nyuma ya miaka mingi, Patron alinituma Mutwanga, ku mission moja yenye ilikuwa na pikipiki tano. Kule mukubwa wangu alikuwa Padiri Économe, mwenye kushika mali ya mission, mutu muzuri lakini mwenye haraka.

« Mama Katungu, hii pikipiki ilipona Butembo, kufika huku inazimika tena. Kuna mutu ameiroga? »

« Padiri, hata wewe unasema hivyo? Ni hewa. »

Nilimweleza. Butembo kuko juu na baridi, hewa yake ni nyepesi, tunapimia moteur essence kidogo. Mutwanga kuko chini na joto, hewa ni nzito, ile essence kidogo haitoshi tena. Ndani ya carburateur kuna sindano yenye kupanda na gaz, na ku kichwa yake kuna kibanio chenye kukaa mu mikato midogo. Nilishusha kibanio mukato moja, sindano ikapanda, essence ikaongezeka, pikipiki ikaondoka na Padiri mupaka kanzu ikapepea. Kule nilijifunza kuuliza pikipiki inatoka wapi mbele ya kuuliza inaumwa nini.

Patron alikufa ningali Mutwanga. Sikuwahi kumuuliza juu ya bouchon.

Kisha nikahamia Beni, mu commune ya Beu. Mukubwa wangu sasa alikuwa Chef wa parking, mwenye kupanga bamotard. Alinionyesha pahali chini ya mabati mbili, nikaweka meza na ndoo. Bamotard baliniita Mama Mekano. Balikuwa bananiletea pikipiki yenye bafundi batatu balishindwa, na nilivimba kichwa, sitaficha.

Wakati ule usalama ulikuwa umeharibika. Batu habakuenda tena mashambani mumoja mumoja. Bamotard balienda kwa musururu, pikipiki kumi ao zaidi, na bakakubaliana: mukisikia risasi, kila mutu anaondoka na muzigo wake, hakuna kusimama. Haikuwa ubaya. Mwenye kusimama anafungia bengine njia. Sasa mufikiri pikipiki yenye kuzimika wakati wa kuondoka ni kitu gani mu sheria kama ile. Mu Butembo ilikuwa haya mbele ya batu. Mu Beni ilikuwa maisha.

Kulikuwa motard mumoja, Kasereka, mutu wa kucheka. Alileta pikipiki yake muchana moja.

« Mama Mekano, huyu anapumua muzuri, mais nikimuambia twende, analala. »

« Labda amechoka kuona sura yako. »

« Basi tengeneza yeye. Sura yangu, bibi yangu ameizoea. »

Nilifungua bouchon, nikaona essence iko ya kutosha, nikaweka bouchon juu ya meza bila kuigeuza. Nikafungua carburateur. Gicleur ilikuwa na uchafu kidogo, nikaipuliza, nikafurahi: mwizi nimemushika. Nikarudisha kila kitu. Ralenti ilikuwa tamu. Kasereka akazunguka parking peke yake mara mbili, akasimama, akaondoka. Haikuzimika.

« Tupande mulima, Mama? Keti nyuma. »

Magoti yalikuwa inaniuma. Mvua ilikuwa inakuja, na pikipiki zingine mbili zinangojea. Nikamuambia: « Enda. Hii mikono haikosee. »

Njo neno nilisema. Naiandika hapa ili muisome.

Kesho yake asubuhi alibeba mama mumoja mwenye kwenda kuvuna kakao. Balipofika ku mashamba, risasi ikalia. Musururu ukageuka. Benye balikuwa karibu yake balisimulia bote kitu kimoja: iliwaka, ikapumua, akaachilia embrayage, ikazimika. Akaiwasha tena. Ikazimika. Akamusukuma ule mama juu ya pikipiki ya mwenzake mwenye kupita, na yeye akabaki. Tulimuzika siku ya pili.

Chef wa parking alinisukumia ile pikipiki kutoka ku mazishi. « Mama Mekano, iangalie kidogo, bibi yake aiuzishe. »

Nilifungua bouchon. Ikavuta pumzi, fyuuu, kama mutu mwenye kutoka chini ya maji. Nikaigeuza. Chini yake, kipande cha sachet ya plastiki kimekunjwa vizuri.

Musikilize muzuri. Bouchon iko na katundu kadogo. Essence ikishuka, hewa inaingia mule ichukue nafasi yake. Ukiziba, essence inashuka kidogo, kisha inakataa. Kwa ralenti bado inatosha. Kwa kuondoka na mutu nyuma, haitoshi. Na mimi, siku ile, nilipofungua bouchon niangalie essence, niliirudishia pumzi kwa mukono wangu. Njo maana ilizunguka parking muzuri. Haikuwa gicleur. Na njo maana Patron alikatazaka kufungua bouchon mu zile mara tatu. Nilielewa sheria yake mbele ya pikipiki ya mutu mwenye tumetoka kuzika.

Hakuna mwingine alijua. Batu bote balisema ni benye bunduki balimuua, na ni kweli. Ningetupa ile sachet mu moto, mambo yangeishia pale na jina langu lingebaki. Ilikaa mu mufuko wa koti yangu siku tatu.

Kisha Masika, bibi ya Kasereka, akakuja kuchukua pikipiki, mutoto mugongoni.

« Masika, keti. Hii pikipiki sikuitengeneza. »

« Mama, Mungu njo anajua saa ya mutu… »

« Acha Mungu kwanza. Nisikie mimi. »

Nikamueleza yote, nikaweka sachet ku kiganja chake. Aliikunjua.

« Ni ya chumvi, » alisema. « Ni mimi niliikata. Essence ilikuwa inaruka pikipiki ikipita mu mashimo, inalowesha nguo ya mutoto. Nikamuambia Kasereka atie hii. » Akanirudishia kile kipande. « Basi ni mimi. »

Nilikuwa nataka kutua muzigo wangu, kumbe nimeuweka ku kichwa chake.

« Hapana, » nikasema. « Bibi atakata sachet, motard ataitia. Ni mambo ya kila siku. Njo maana kuna fundi. Kazi yangu ilikuwa kugeuza bouchon na kupanda mulima. Sikugeuza, sikupanda. »

« Unasema hivi juu ya kunihurumia. »

« Mimi sijui kuhurumia mutu. Uliza bamotard. »

Alilia. Kisha akauliza na sauti ndogo: « Mungepanda mara tatu, ingeonekana? »

« Ya kwanza ingepita. Ya pili pengine. Ya tatu ingezimika. »

Hakuiuzisha. Nyuma ya wiki mbili alirudi, akasimama ku meza yangu. « Mama, magoti yako inauma. Mimi niko na kilo. Nipandishe nyuma. »

Ile mwaka alikuwa uzito wangu. Mwaka wenye kufuata nikamupatia funguo namba kumi.

Leo macho yangu haione tena tundu ya gicleur. Koti ya bluu iko kwa Masika, na yeye njo anashika ile meza. Batu bananiuliza kazi ilinipatia nini. Ilisomesha batoto bane. Na ilinipatia mutu mumoja ku kaburi, mwenye sitasahau jina lake. Mbele ya kufungua carburateur, mugeuze bouchon. Sina ingine ya kuwafundisha.

Nyumba yangu iko karibu na mulima wa kutoka mutoni. Kila pikipiki yenye kutoka kwa Masika naisikia: inapanda, inasimama, inaondoka. Nahesabu. Juzi nilihesabu moja, nikahesabu mbili, kisha kimya. Nikachukua fimbo, nikatoka mupaka njiani.

Masika alikuwa chini ya mulima, amekaa nyuma ya motard mumoja mwenye hasira. « Mama Masika, inatosha! Batu bananingojea! »

« Bangojee, » alisema. Kisha akaniona na fimbo yangu. « Mama, rudi ukae. Ya tatu njo hii. »

Sikurudi. Nilibaki nimesimama kando ya njia. Ikapanda, ikasimama katikati, mguu wa motard chini. Akaachilia embrayage.

Ikaondoka.