Kibuyu Kilichougua Kisukari

Zama zile za Mwingereza, katika hospitali ya Bukoba, kisukari kilipimwa kwa moto. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, alitia maji ya buluu kwenye kichupa chembamba, akadondoshea mkojo, akachemsha. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakiwa kijani, ipo kidogo. Yakiwa mekundu kama tofali, hali ni mbaya. Naandika nilivyoona, niliishia darasa la nne, na huenda mengine sikuyaelewa sawasawa.

Baba mkwe wangu alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kimekataa kupona. Daktari alimkataza pombe na omuramba, yaani maji matamu ya ndizi mbivu, akamwambia apunguze chakula. Kila juma mkojo upelekwe. Ukiendelea kuwa mwekundu, kidonda kitapanda na mguu utakatwa.

Tulikaa Kemondo. Mume wangu alipakia mizigo bandarini hatoki, mama mkwe magoti yanamsumbua, kwa hiyo wa kupeleka nikawa mimi. Hapo pakawa pagumu. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe huoneana haya hata kukalia mkeka mmoja. Leo nishike mkojo wake barabarani, watu wanione?

Mama mkwe ndiye aliyepata njia. Alichukua kibuyu kidogo cha omuramba, akakisuuza vizuri (nilimwona), akatia mkojo na kukiziba kwa jani la mgomba. Njiani nilionekana kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu zake. Nikifika hospitali najificha nyuma ya ukuta, namimina kwenye chupa ya dresa.

Majibu yakawa mekundu. Juma la pili, mekundu. La tatu dresa akaniambia, "Mzee wenu anakunywa kwa siri."

Nilimweleza mama mkwe, naye akaanza kumwinda mumewe kama mwizi wa kuku.

"Unakunywa wapi?"

"Ndotoni," baba mkwe alijibu. "Na huko nako unanifuata."

Alikonda. Chakula alikipunguza mpaka tukamwonea huruma. Ni haki niseme pia kwamba siku ya msiba wa jirani alikunywa omuramba, na alikiri mwenyewe. Ila ilikuwa mara moja, kama alisema kweli, nami naamini alisema kweli.

Mwishowe daktari akaagiza aletwe mwenyewe, waangalie wakatie wapi. Tulipanda lori la kahawa sote watatu, kibuyu chenye mkojo wa asubuhi kikiwa mapajani mwangu. Njia nzima baba mkwe alikuwa anautazama mguu wake.

Dresa alipima mkojo wa kibuyuni: mwekundu. Kisha daktari akaona afadhali mzee apewe chupa ya hospitali, aende mwenyewe chooni. Ule ukawa kijani. Wakarudia. Kijani.

"Mtu mmoja, asubuhi moja," dresa alisema. "Huu wa kwanza mliuleta ndani ya nini?"

Mimi niliinamisha uso. Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, "Ndani ya kibuyu, waitu, bwana wetu. Cha omuramba. Ni kwa ajili ya heshima."

Dresa alikisuuza kibuyu, akatia maji safi, akatikisa, akayapima yale maji matupu. Yaligeuka mekundu mbele yetu.

Baba mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe mgonjwa ni kibuyu! Kikateni hicho!"

Mguu haukukatwa. Kidole gumba kilikatwa, maana kilikuwa kimeoza tayari, na sijui kama kingepona hata tungetumia chupa tangu mwanzo. Daktari alisema pengine ndiyo, pengine hapana. Simlaumu mama mkwe, alinisitiri mimi. Dresa naye alisema alichokiona kwenye moto wake.

Juma baada ya kurudi nyumbani, baba mkwe aliniita uani. Alikuwa ameegemea fimbo, ameshika mkojo wake kwenye chupa ya kioo, safi, bila jani wala kitambaa. Hakunitazama usoni, nami sikumtazama.

"Mwanangu," alisema, "beba hivi hivi. Wakikuuliza, waambie ni mguu wa baba mkwe wako."

Niliibeba hivyo hadi Bukoba. Njiani wawili waliniuliza, nikawajibu kama alivyosema.