Vyama Viwili vya Bibi

Juzi nilitoka Mjimwema kwenda Lusewa kuzika. Marehemu alikuwa mpima mizani wa zamani wa chama cha ushirika, tena balozi wetu wa nyumba kumi, tena jirani. Msemaji akasimama pale kaburini akasema mzee huyu alikitumikia chama kwa uaminifu maisha yake yote. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nimeshika bonge la udongo, najiuliza: chama kipi? Kaa nikueleze, maana jambo hili limenichanganya tangu utoto.

Nimelelewa na bibi, na kwa bibi maisha yalikuwa tumbaku. Nguo zilinuka moshi, nywele zilinuka moshi, hata uji. Kazi yangu ilikuwa kuchunga moto kwenye kibanda cha kukaushia, usiwake sana, usizime, huku nimefukia viazi vitamu kwenye jivu. Jioni tulichambua majani, bibi akiimba Kingoni, vidole vimeganda utomvu mpaka ugali unakuwa mchungu mdomoni. Na kijijini ukisema chama, hata mtoto alijua ni lile ghala la bati tunakopeleka marobota ya tumbaku. Kile chama kingine, cha siasa, ambacho balozi alikuwa mtu wake kijijini, sisi tulikiita serikali tu.

Ndiyo miaka ile sabuni na khanga zilikuwa zimeanza kurudi madukani. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na bibi aliniambia tumbaku ya msimu ule ndiyo ada yangu. Basi balozi akapita na filimbi: kesho wote pale chamani, wanakuja wageni kutoka mjini kuuliza habari za chama. Bibi akavaa kitenge chake cha kanisani.

Mgeni alikuwa mtu mpole. Akauliza kama tunataka kubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Semeni bila woga, akasema, ni haki yenu. Watu wakatazama miguu yao. Bibi akainuka.

“Mwanangu, mimi nataka vingi. Hiki kimoja kinatuibia. Vikiwa vingi, huyu akinipunja nahamia kwa yule.”

Makofi yalipigwa mpaka bati likalia. Mgeni akaandika. Mwalimu wetu, mtu wa kuja kutoka mkoa mwingine, akamwinamia bibi akamnong'oneza, “Shikamoo bibi. Umesema maneno mazito.”

“Marahaba. Uzito uko kwenye marobota yangu, mwalimu. Wao ndio wanaufanya mwepesi.”

Balozi peke yake hakupiga makofi. Tulipokuwa tunatoka akasema kwa sauti ili wote wasikie, “Kumbe bibi wewe ni mpinzani.”

“Mpinzani wa mizani yako, ndiyo,” bibi akamjibu, na watu wakacheka njia nzima.

Msimu wa kuuza ulipofika, balozi huyohuyo ndiye aliyesimama kwenye mizani. Nataja makusudi, maana kaburini hakuna aliyetaja. Hata kuyapima hakuyapima marobota yetu. Akachomeka mkono mara moja akasema yana unyevu, rudisha. Bibi akamsihi, akamkumbusha ujirani. Balozi akamjibu, “Peleka kwenye vyama vyako vingi.” Tukarudisha. Mvua zikatukuta, majani yakaota ukungu, na sekondari ikaenda bila mimi.

Mwalimu ndiye aliyekuja kutufafanulia, amekaa kwenye kigoda, bakuli la togwa mkononi, kwamba wale wageni waliuliza chama cha siasa, siyo chama cha tumbaku. Bibi alimwongezea togwa. Kisha akauliza, “Kwa hiyo vyama ni viwili, na mwizi ni mmoja?”

Mwalimu akainamia bakuli lake. Wanasema bibi alikosea. Lakini alikosea wapi? Neno alilopewa lilikuwa moja, mtu aliyemdhulumu alikuwa mmoja, na ghala la mkutano ndilo lilelile. Walikuja wengine baadaye kukusanya maoni ya katiba, semeni bila woga, ni haki yenu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Ulimi ukagoma.

Udongo niliutupa kaburini, kwa ajili ya macho ya watu. Kisha nikapita ghalani. Bati limeezuliwa, ile harufu tamu ya tumbaku imekwisha kabisa, kunanuka mbuzi. Ndoano ya mizani bado inaning'inia, watoto wameifunga kamba wanabembea. Ukutani wamepaka rangi za vyama, kimoja juu ya kingine, hata huwezi kujua kipi kilitangulia. Vingi kweli, bibi, kama ulivyoomba. Nilivihesabu vyote kwa macho nikitafuta hata kimoja kinachonunua tumbaku.