Ng'ombe wa Yeyo Walilamba Shimo Nililolificha

Admin, ficha jina langu, maana hapa Kitengela mimi ni mzee wa kanisa. Niko na miaka sitini na mbili, mke mmoja na wajukuu wanne. Mnitukane mkitaka, lakini msome hadi mwisho.

Nilitoka magharibi nikiwa kijana, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha ngozi. Kilipofungwa miaka ya tisini, mabaki ya dawa za ngozi tuliyamwaga kwenye shimo nyuma, tukafukia. Koleo nilishika mimi mwenyewe. Nyasi zikaota, mwenye kiwanda akaanza kuuza ploti, na mimi kwa tamaa ya bei rahisi nikanunua ile yenye shimo. Nilijiambia mvua imeshaosha.

Baada ya miaka michache serikali ikatoa pesa za kupima ardhi yote na kuisafisha ili sehemu iliyobaki pajengwe soko. Wapimaji wakanitafuta, kwa kuwa mfanyakazi wa zamani aliyebaki hapa nilikuwa mimi tu. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole, "Mzee, mlikuwa mnamwaga wapi? Tukipata uchafu, serikali ndio italipa kuutoa. Hakuna mtu atanyang'anywa ploti."

Jamani, sikuamini. Serikali gani inakuja kukusafishia ploti bure? Nikawapeleka karibu na geti, mahali malori yalikuwa yakiegeshwa. Wakachimba, wakajaza udongo kwenye mifuko, wakaninunulia hata soda. Majibu yakarudi kwamba ardhi ni safi, na pesa za kusafisha zikapelekwa kwingine.

Sasa kuna Yeyo, maana yake mama kwa Kimaasai. Ni jirani yangu, aliyenipa maziwa na blanketi nilipofika huku sina kitu. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wake wakaanza kulamba udongo wa ploti yangu. Kiwandani ngozi zilitiwa chumvi, na udongo ule ulikuwa umeishika. Wafugaji huku huswaga ng'ombe mbali sana kutafuta udongo wa chumvi, kwa hivyo Yeyo alifurahi. Hata hivyo alikuja kuniuliza.

"Kijana yangu, wewe ulifanya kazi hapo. Hii chumvi iko sawa kwa ng'ombe?"

"Iko sawa, Yeyo. Si hata serikali ilipima?"

Nilimwangalia machoni nikasema hivyo, kwa sababu ningekataa angeuliza nimejuaje. Walikufa saba, akiwemo yule mwekundu ambaye maziwa yake yalilea wanangu wote.

Hakuna aliyeshuku udongo. Macho yote yalimgeukia shemeji yake Yeyo, nitamwita Lekishon. Walikuwa wamegombana juu ya kuuza shamba, na wiki hiyohiyo alikuwa amenyunyizia ng'ombe hao dawa ya kupe. Yeyo akapiga kelele, "Ni yeye amewekea ng'ombe yangu sumu!" Nilikuwa nimesimama pale pale na nikanyamaza. Lekishon akafukuzwa nyumbani, akahamia Namanga, kule mpakani, na familia yake. Mimi nikazungushia ploti ua haraka haraka, na nguzo za ua huo alinipa Yeyo.

Miaka yote hii nimeomba msamaha kwa Mungu, lakini kwa Yeyo sijathubutu. Naona aibu kuandika haya.

Sasa Lekishon ni mgonjwa sana na anataka kufia nyumbani. Watoto wake wameitisha kikao Jumamosi. Yeyo amesema atamruhusu arudi, lakini kwanza akiri mbele ya watu. Lekishon amejibu kwamba hata kama anakufa hawezi kukiri kitu hakufanya.

Juzi Yeyo, ambaye siku hizi haoni vizuri, alinishika mkono akaniambia, "Wewe ndio hujawahi kunidanganya. Kuja Jumamosi utufungulie na maombi, Mungu alainishe roho ya huyo mtu."

Nilimwambia nitakuja. Nikisema ukweli, uzee wa kanisa umeisha, ploti imeisha, na labda Yeyo hatanisalimia tena hadi kaburini. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atafia ugenini kwa ajili yangu. Nawaomba ninyi mnaosoma, mniambie kabla ya Jumamosi: nikisimama pale, niombe au niseme?