Matanga Chini ya Mlingoti

Majirani zangu wa hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, wananijua kwa kelele. Mtu akianika blanketi bichi kwenye waya zangu, nalishusha mwenyewe, nalitupa vumbini, halafu namfokea mpaka akose pa kuweka uso. Mbuzi akifungwa kwenye kigingi changu, nakata kamba, na mbuzi aende anakotaka. Wageni huonywa mapema kwamba yule bwana wa mlingoti hana adabu. Ni kweli, sina. Zamani nilikuwa nayo.

Mlingoti wenyewe si kitu cha kujivunia. Ni mabomba ya maji yaliyounganishwa moja juu ya jingine, umesimama katika uwanja wa kanisa letu la udongo, na unashikiliwa pande zote na nyaya nene za chuma zinazoitwa stei. Kila stei inashuka hadi kwenye kigingi kilichochimbiwa ardhini, na karibu na kigingi kuna skurubu ya kukazia. Kule juu umening'inizwa waya wa shaba wenye mikono miwili, unaobeba sauti. Mlingoti kazi yake ni kusimama tu, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kakiika, upande wa Mbarara, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia radio za jeshi pale kambini Makenke. Nilimwita Afande na sikuwahi kumwita vingine. Nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba, alikuwa na mnara wake mwenyewe, wenye kibali, ambao aliutumia kuzungumza na watu wa mbali asiowajua, kwa kujifurahisha. Nilikwenda kwake kama kibarua wa kupalilia. Siku moja alinikuta nimeacha jembe, nimekodoa macho juu.

"Wewe Mukongo, unaogopa kupanda?"

"Siogopi, Afande."

"Basi panda, toa hiyo nyumba ya ndege. Na sikia vizuri. Hii kitu haianguki sababu ya upepo. Inaanguka sababu ya mutu."

Kwake nilijifunza kupaka grisi skurubu kabla ya mvua, kukwangua kutu, na kukaza stei ya upande huu huku nikilegeza ya upande ule, ili mlingoti usivutwe ukajikunja. Nilijifunza kugonga waya kwa kidole na kusikia kama umelegea. Korongo wakubwa wa Mbarara walipenda kutua kule juu, na mavi yao yanakula chuma kama tindikali, kwa hiyo nilipanda pia na tambara. Kazi ile niliipenda. Tangu nikimbie kwetu, ilikuwa mara ya kwanza kushika kitu kisichotaka kujua mimi ni mkimbizi.

Afande ndiye aliyehangaikia kibali cha mlingoti wa kanisani, akatupa na mabomba ya zamani. Mnara wake ulipoanza kulemewa na kutu akashindwa kuutumia, alituazima hata radio yake. Ilikuwa moja tu, hakuwa na nyingine, wala sisi hapa kambini hatukuwa na nyingine. Mtu wa namna hiyo akikuita, unakwenda. Fadhila za punda ni mateke, na mimi si punda.

Kwetu, katika milima ya Kivu ya Kusini, simu haifiki, na pale ilipokuwa ikifika vita vimeikata. Kuna foni tu, ndivyo tunavyoiita radio ya kusemea, nayo inakaa kwa mtu mmoja karibu na soko. Siku ya soko watu hujaa mlangoni pake, huyu na kuku, yule na chumvi, kila mmoja anangoja kuitwa. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ndugu zangu wote walikwisha kufa. Tulibaki yeye kule na mimi huku, na baina yetu huo waya wa shaba.

Katika foni, ukimaliza kusema lazima useme "ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Mama alikataa katakata. Alisema hilo ni neno la askari, na askari walikwisha kumkosea vya kutosha. Yeye alimaliza kwa "Amina". Mwenye foni wa kule alimkemea, mimi nikamsihi, wapi! "Mwanangu, umekula? Amina." "Kile kikohozi kiliisha? Amina." Watu wa kanisa walikuwa wanakuja makusudi kumsikiliza ili wacheke, na mimi nilicheka nao, kisha nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Kwa muda mrefu nilimwomba ahame, akanijibu kwamba hawezi kuliacha kaburi la baba. Halafu siku moja ya soko, bila mimi kumuuliza lolote, sauti yake ilikuja, imechoka.

"Fasi hii imebakia ya bazee na mbwa. Nitakuja. Lakini uniambie njia, batu basinipoteze. Amina."

Njia zilikuwa mbili. Ya msituni ni fupi, na ndiyo kila mtu anayoijua. Lakini wenzetu waliofika Nakivale majuzi waliniambia kwamba wanaopita humo husimamishwa, na wengi hawaonekani tena. Ya pili inashuka ziwani. Ni ndefu, lakini chini kule alikuwepo mtoto wa dada yake mama, ambaye nilimpata kwa simu akakubali kumpokea na kumvusha. Basi ujumbe ulikuwa sentensi moja: usipite msituni, shuka ziwani, mtoto wa dada yako anakungoja. Nilimwambia mama asubiri soko lijalo nimhakikishie, na baada ya kuongea na huyo ndugu nilikuwa tayari.

Wiki hiyo hiyo Afande akaniita. Stei moja ya mnara wake ilikuwa imekatika, na mnara umelalia upande wa nyumba ya jirani. Ilibidi tuushushe kipande kwa kipande kabla haujaua mtu. Nilimwachia ujumbe mama mmoja wa kanisa ambaye nilikuwa nimemfundisha kushika foni nisipokuwepo, mtu makini kabisa. Aliurudia mbele yangu bila kukosea. Nikaenda Kakiika na moyo mweupe. Asiyekuwepo na lake halipo.

Nikiwa huko, jirani yangu, mzee wa Kirundi, alifiwa na mkewe. Kiwanja chake ni kidogo, kimebanwa na vibanda vya wengine, kwa hiyo baada ya kuzika matanga yakakalishwa katika uwanja wa kanisa. Akina mama walikaa chini juani. Siku ya soko wingu likapanda, na wanaume wakaona aibu kuwaacha wafiwa wanyeshewe. Wakaleta turubai kubwa. Miti ya kufungia hapa haipo. Tuliikata yote kwa kuni. Lakini palikuwa na nyaya nzuri za chuma, zimekazwa, zinashuka pande zote kama zimewekwa kwa kazi hiyo. Wakafunga turubai kwenye stei zangu, kona zote.

Ndani ya chumba cha foni, ubavuni mwa kanisa, yule mama wa kanisa alikuwa amekwisha kumpata mwenye foni wa kule. Mama yangu alikuwa mlangoni kule, ameitwa, anasogea. Yule mama akabonyeza kitufe cha kusemea, akaanza kwa salamu, maana kwetu hakuna anayeanza na habari kabla ya salamu. Nje kwaya ya wafiwa ikapandisha kilio. Upepo wa mvua ukaingia chini ya turubai, likavimba, likaziinua stei, kigingi kimoja kikang'oka. Mlingoti ukaja juu ya paa. Watu wakapiga mayowe, waya wa shaba ukajisokota kwenye mabati ya paa, na yule mama kwa hofu alikuwa bado amebana kitufe. Nguvu ya kusemea ikakosa pa kutokea, kitu kikanuka kuungua ndani ya chombo, halafu kimya.

Hakuna aliyekufa. Yule mama alichubuka mkono tu.

Nilifika kesho yake na kukuta mabomba yamepinda, na watu wamekaa juu ya lile turubai, wakisali rozari. Nilitaka kuwatawanya wote kwa fimbo. Lakini huwezi kugombana kwenye matanga, hata kama wewe ndiye uliyevunjiwa. Yule mzee alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Muzee, tusamehe. Tulisema ni kamba tu, tufunikie bamama."

Nilikaa chini nikalia pamoja nao, na wao wakadhani namlilia mkewe.

Soko lililofuata nilitandaza waya wa muda kutoka pembe ya paa hadi kwenye nguzo ya choo, chini chini, nikaunganisha radio. Ilisikia. Nikaita, sindano ya kipimo cha nguvu haikutikisika hata kidogo. Upande wa kusemea ulikuwa umeungua; masikio yalibaki mazima, mdomo umekufa. Hapo ndipo nikamsikia mama.

"Mwanangu, kama uko, ujibu. Amina."

Nilibonyeza kitufe nikapiga kelele mpaka watu wakaja kuchungulia. Alingoja. Akarudia maneno yale yale, akangoja tena. Mwenye foni akamwambia awapishe wengine.

Niliipeleka radio Mbarara kwa fundi. Akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri itabidi kitafutwe Kampala, niiache. Afande naye aliniambia niiache. Nikakataa, nikairudisha Nakivale, kwa sababu siku ya soko ilikuwa inakaribia na sikuweza kuvumilia aite pasipo hata mtu wa kumsikia. Mtu anaweza kuniita mjinga. Lakini kuiacha au kuichukua, kipuri kilikuwa bado hakijaja.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wetu. Mtu wa mjini radio ikinyamaza husema chombo kimeharibika. Sisi hatusemi hivyo. Katika milima yetu foni ya kijiji ikinyamaza, maana yake kijiji kimechomwa. Tumelijua hilo kwa vijiji vingi, na mara nyingi tulikuwa sahihi. Na wao kule, kitu cha mwisho walichosikia kutoka kwetu kilikuwa kilio cha watu wengi, kishindo, mayowe, kisha kimya. Nani angewalaumu?

Nilikuwa nimeinamia spika, yule mama wa kanisa amekaa pembeni yangu. Sauti ya kule ilikuja safi kuliko siku zote. Mwenye foni alisema anatoa tangazo kwa yeyote anayesikia katika makambi ya Uganda. Mtoto wa mama fulani, na akamtaja mama yangu, ameuawa Nakivale pamoja na wenzake. Matanga yamekwisha kukaliwa, nywele zimekwisha kunyolewa. Kama kuna anayejua walipomzika, aseme. Akaachia kitufe. Mimi, mwenye kuzikwa, nilikuwa nimebana kitufe kilichokufa, nikisema niko hapa, niko hapa.

Halafu akampa mama nafasi. Sidhani alijua anasema na nani.

"Nilikuwa nangoja mutoto anionyeshe njia. Sasa sina wa kungoja. Kesho asubui natoka na bale batu ba mutaa wetu, tunapita mu pori. Balio baki muniombee. Amina."

Yule mama wa kanisa alifunika uso kwa kitenge. Mimi nilitoka nje. Nilitembea hadi pale mabomba yalipolala, nikalipiga teke moja mpaka kidole kikapasuka, na sikusikia maumivu hadi jioni. Nilimpigia simu mtoto wa dada yake, lakini yeye alikuwa ziwani, mbali na pori, na huko juu simu haifiki.

Kipuri kilikuja baada ya yote hayo. Afande alikuja mwenyewe kwa bodaboda, mgonjwa wa magoti, akasimamia tukinyoosha mabomba na kuchimbia vigingi upya, virefu zaidi. Hakunipa pole. Alizunguka stei zote, akazigonga moja moja, akasema, "Sasa imesimama." Nadhani hiyo ndiyo pole aliyokuwa nayo.

Siku ya soko nikaita. Mwenye foni wa kule akapokea.

"Wewe ni nani?"

Nikamwambia. Nikamtajia na baba yangu, na shamba letu liko upande gani wa kijito.

"Wewe tulikulilia," akasema. "Mama yako alinyoa kichwa. Tulikulilia vizuri."

Nikamuuliza kama kuna habari zozote za waliopita msituni. Akasema hakuna hata mmoja ambaye wamesikia amefika upande wa pili.

Ni muda sasa. Kila basi la wakimbizi wapya likifika ninakwenda kutazama wazee wa kike wakishushwa, na ninarudi. Majuzi yule mzee wa Kirundi alinijia mlangoni, amebeba lile turubai, limefuliwa na kukunjwa.

"Tumukalie mama yako matanga," akasema. "Tutachimbia miti yetu. Hatutagusa waya zako."

Nilimwangalia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hasira naye. Nilimwambia alirudishe nyumbani. Mimi nilililiwa kwa sababu radio ilinyamaza, na nilikuwa mzima, nimekaa karibu yake, naita. Sitamfanyia mama jambo lile lile.

Kwa hiyo ninapaka grisi, ninakaza, ninafukuza mbuzi. Siku ya soko ninaitaja ile njia ya ziwani, polepole, kama ilivyopaswa kusemwa, kisha ninaachia kitufe na kusikiliza. Mwenye foni wa kule ananiacha nimalize, hanikatizi. Hakuna anayesema Amina.