Mwalimu Sugow na Kijiji Kisicho na Upenyo

Mwalimu Sugow alikuwa na somo moja tu maishani, na Garissa nzima ilishalichoka. Ukinywa naye chai, ukasema jua kali, yeye keshafika kwenye chumvi.

"Siku moja," angesema, "redio zitatumia betri ngumu tupu, isiyo na kitu cha kuvuja. Ioni, yaani vichembe vyenye umeme, vitapita ndani ya kitu kigumu!" Chumvi ya chakula, alieleza, vichembe vyake vimebanana safu kwa safu, hakuna kinachosogea. Lakini ipo chumvi ya madini ya fedha na iodini: ukiipasha moto sana, iodini hubaki kwenye safu zake, nafasi tupu zikawa tele, na vichembe vya fedha vikaruka toka nafasi hadi nafasi. "Bila nafasi tupu, hakuna safari!" Watu wakaitikia haya, haya, wakamaliza chai mbio.

Basi vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vikapamba moto, serikali ikawakusanya watu katika kijiji kilichozungushwa waya. Afande wa kijiji akatafuta msomi wa kumchorea ramani. Loo, Sugow alivyovimba! Akachora nyumba safu kwa safu, ukuta kwa ukuta, zimenyooka ajabu.

Bishara, shangazi yake, mkunga wa kijiji, akauliza, "Sugow, mgonjwa atapitishwa wapi?"

"Eeddo, shangazi yangu, haya ni mambo ya kitaalamu."

Afande akamwita profesa. Profesa akatembea kifua mbele wiki nzima.

Mwezi haujaisha, Maka, mke wa Sugow, akashikwa na uchungu adhuhuri, mtoto amekaa vibaya. Bishara akasema apelekwe hospitali sasa hivi, la sivyo watawazika wote wawili. Lori lilikuwa kwenye lango la kijiji, nyuma ya nyumba yao. Wakamlaza Maka kitandani, wakambeba, wakakwama. Njia pekee ilikuwa kichochoro cha mbele, nacho kilimtosha mtu mwembamba akipita ubavu. Maka analia, na Sugow anazunguka na ramani mkononi, mtu mzima hovyo! "Afande ndiye aliyetaka..."

Hakuna aliyemsikiliza. Aqal, ile nyumba ya miti na mikeka, ni ya mwanamke. Yeye huijenga, yeye huivunja. Wanawake wakakata kamba, wakang'oa miti, wakakunja mikeka. Kufumba na kufumbua nyumba ya Mwalimu haipo, na Maka akapitishwa palepale ilipokuwa.

"Somo lako sisi tulilisikia," Bishara alimwambia akipita. "Wewe ndiye hukulisikia." Ilimuuma, maana ilikuwa kweli.

Asubuhi habari zikaja: Maka mzima, binti mzima, alhamdulillahi. Afande naye akaja, amefura. "Nani kaharibu safu yangu? Ijengwe leo!"

Sugow akalitazama lile pengo; wanawake walikuwa wameshaanza kupita na mitungi yao ya maji.

"Afande, hapa hapajengwi. Nikueleze kwa nini. Kuna chumvi moja ya madini ya fedha..."

Afande alivumilia mpaka kwenye iodini. Kisha akashika kichwa. "Baki na pengo lako, Mwalimu, lakini nyamaza!"

Maka aliporudi na mtoto mgongoni, wakamuuliza atajenga aqal yake wapi.

"Popote," akasema, "ila Mwalimu huyu asiguse kalamu."