Chagua Kenya

Mamangu alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa, uso karibu ugonge kioo cha kompyuta, maandishi ya Kizungu yalipotoka yakagoma kuondoka. Nyuma yake chumba kimejaa wanawake, mabuibui yametundikwa, udi unafuka, kaimati zinapoa kwenye sinia. Kipanya nimekishika mimi. Nje ya pazia, barazani, shemeji yangu anapiga kelele: "Imekubali?"

Mamangu akageuka. "Mwanangu, mbona sioni kitu? Ni macho yangu?"



Shemeji huyo alikuwa mume wa marehemu dada yangu. Msomi. Hilo Mji wa Kale wote ulilijua, maana mwenyewe hakuacha kulisema. Kazi yake ofisi ya kutoa mizigo bandarini, makazi yake Kizingo, nyumba ina bustani kubwa isiyokaliwa na mtu. Mwishoni mwa miaka ya tisini akanunua kompyuta ya kuchezea DVD, na tangu hapo hatukupumua. Ukienda kumpa mkono wa Idi, lazima kwanza uonyeshwe kompyuta.

DVD yetu ilitoka Ulaya. Zamani, dada yangu yu hai, mama mmoja wa Kizungu alikuja na kamera akawachukua wanawake wakipiga vugo harusini, wakigonga zile pembe na kuimba. Tulimruhusu kwa kuwa ni mwanamke mwenzetu, na aliahidi wanaume wa kwetu hawataiona. Ikauzwa kwao huko, nasi akatuletea moja kwa posta. Dada yangu yumo, mstari wa mbele, anacheka. Baada ya harusi ile hakukaa sana. Alikufa kwa uzazi.

Na macho ya mamangu yalikuwa yanafunga. La kushoto lilishakwenda, na la kulia daktari alisema halina muda. Alitaka kumwona mwanawe akicheza, basi.

Sasa, DVD za wakati ule zilifungwa kwa nchi. Ya Ulaya haichezi kwenye mashine iliyowekwa Amerika, ya Amerika haichezi kwenye iliyowekwa Bara Hindi. Kompyuta inakuruhusu kubadilisha, lakini mara tano tu, na ukimaliza ya tano imejifunga hapo hapo. Shemeji alijua. Kila akibadilisha ilimwandikia zimebaki ngapi, naye Kizungu anakisoma. Nne akazila peke yake: leo filamu ya Kihindi, kesho ya Wamarekani wanarushiana risasi, kisha Kihindi tena, kisha risasi tena. Mtu mzima, mgane wa juzi, macho kodo mbele ya viuno na bunduki.

Siku yetu alikuja nayo, akaunga nyaya, akatolewa nje. Hilo halina lawama. Ndani ya filamu wake za watu wako vichwa wazi, mwanamume hakai. Lakini si angeibadilisha kabla hajatoka? Hakuwa na nafasi. Alikuwa na sambusa kinywani.

"Shemeji, imeandika nini?" akaniuliza kutoka barazani.

"Imeandika Kizungu."

"Najua ni Kizungu! Nisomee."

Shangazi yangu akadakia: "Si wewe msomi? Soma kupitia pazia!" Chumba kikacheka.

Mimi nilitoka shule darasa la tatu. Nikamtajia herufi moja moja, nikamwambia na majina ya nchi yamepangwa chini.

"Aa, inauliza nchi. Tafuta Kenya."

"Na hii si ya Ulaya?"

"Kwani sisi tuko wapi, shemeji? Tuko Ulaya? Chagua Kenya!"

"Imeuliza tena."

"Kila ikiuliza, wewe kubali!"

Nikakubali. Kompyuta ikajifunga Kenya, na diski ya Ulaya ikabaki inazunguka bure. Wanawake wakajitanda, shemeji akaingia, akakiangalia kioo, na neno lake la kwanza likawa: "Nani amebonyeza?"

Wiki ile ile nikayasikia maneno yake Ndia Kuu, dukani kwa muuza vitambaa: ati wanawake wajinga wameharibu kompyuta ya watu.

Jamaa yetu mmoja alipotuletea kutoka Dubai mashine ya kucheza DVD za kila nchi, jicho la kulia nalo lilikuwa limefunga. Mamangu akakaa mbele ya kioo akisikiliza pembe. "Huyo anayecheka ndiye?" Ndiye, mama. "Amevaa nini?" Nikamwambia.

Sasa mamangu kaburini, na shemeji bado anahadithia harusini, watu wanacheka, jinsi mjinga mmoja alivyobonyeza. Basi namtaka ajibu, na ajibu mbele ya hao hao anaowachekesha: zile nne alizila nani? Na aliyepiga kelele "Chagua Kenya" ni nani? Asiniambie mimi. Awaambie wao, kwa kinywa chake.